Nyutro iliyolegea kambini: kisa cha trela iliyopokea volti 147

Trela inayozungumziwa hapa ina urefu wa futi 36, ina viyoyozi viwili na inachukua umeme kwa kebo ya ampea 50. Imeegeshwa kwa mkataba wa mwezi hadi mwezi katika kambi ya magari-nyumba jimboni Texas, na wanaoishi humo ni familia ya watu wanne. Jioni moja ya Agosti, kiyoyozi cha sebuleni kikiwa kazini na hita ya maji ikiwa kwenye umeme, taa ya mezani iling'aa ghafla kupita kawaida. Saa ya maikrowevu ikazimika. Kiyoyozi kilipojaribu kuwaka tena kikashindwa, kikabaki kinanguruma. Hakuna breka iliyoruka, si ndani ya trela wala kwenye kisanduku cha umeme cha kiwanja.

Kifaa kimoja kinapopata umeme wa kupindukia na kingine kinakosa nguvu kwa wakati uleule, karibu kila mara tatizo ni nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo: imelegea au imekatika. Anayeishi kwenye trela ya ampea 50 anapaswa kuitambua dalili hii mara moja, kwa sababu muda anaotumia kuwauliza majirani kama na wao umeme wao unachezacheza ndio muda ambao vifaa vyake vinaungua.

Kwa nini volti zinagawanyika hivyo

Soketi ya ampea 50 ina njia nne: laivu mbili (waya zinazoleta umeme), nyutro moja na ethi (waya wa usalama). Kati ya laivu na laivu kuna volti 240, na kati ya kila laivu na nyutro kuna 120. Trela nyingi hazina kifaa hata kimoja cha volti 240. Mzigo wote umegawanywa pande mbili za volti 120, na nyutro hurudisha tofauti ya mkondo kati ya pande hizo. Ikiwa nzima, kila upande unapata 120 yake hata mwenzake akitumia kiasi gani. Ikiachia, pande zote mbili zinakuwa zimeunganishwa kwa mfululizo kwenye volti 240, na zinagawana volti hizo kulingana na ukinzani. Upande wenye mzigo mdogo ndio unaopata volti nyingi.

Chukua mfano mwepesi wa vipasha joto viwili. Upande wa kwanza una cha wati 1,800, ambacho ukinzani wake ni omu 8. Upande wa pili una cha wati 600, omu 24. Nyutro ikikatika kabisa, jumla ni omu 32, mkondo ni ampea 7.5, na matokeo yake ni volti 60 upande wa kwanza na 180 upande wa pili. Breka haiwezi kusaidia hapo. Breka huhesabu ampea, na ampea 7.5 kwake si chochote.

Katika kisa hiki nyutro haikuachia kabisa. Upande uliobeba kiyoyozi cha sebuleni na hita ya maji ulishuka hadi volti 93, na ule wa maikrowevu, konvata (kifaa kinachogeuza volti 120 kuwa 12 na kuchaji betri) na soketi za jikoni ukapanda hadi 147. Ukijumlisha unapata 240 kamili, na hiyo jumla ndiyo alama ya ugonjwa huu. Kwa volti 93 kompresa ya kiyoyozi haina nguvu ya kuanza kuzunguka, kwa hiyo inavuta mkondo mkubwa huku imesimama, na joto hilo ndilo linaloiua. Kwa volti 147 kifaa cha kupasha joto kinakula nguvu mara moja na nusu ya kawaida yake, na saketi ndogo za kielektroniki huanza kupasuka kuanzia kwenye vipande vyake vya kinga.

Familia ilikuwa na kinga ya radi iliyochomekwa kisandukuni. Ilifanya kazi iliyotengenezewa, ambayo ni kumeza mipigo mifupi ya umeme, na haikuona chochote cha kuzuia katika volti 147 zilizotulia. Kifaa ambacho kingeikata trela ni kile kinachopima umeme muda wote. Vingi vya aina hiyo hukata volti zikishuka chini ya 104 au zikipita 132, hutambua nyutro iliyokatika, na umeme ukirudi husubiri hadi dakika mbili na ushee kabla ya kuuruhusu ili kompresa isianze ikiwa na presha. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya kinga ya kawaida. Kwa mtu anayekaa kambini muda wote, hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya betri kubwa na kabla ya paneli za jua.

Dakika tano za kwanza

Familia ilianza kwa kuzima kitu kimoja kimoja ili kutafuta chanzo. Ndivyo wengi wanavyofanya, na ndivyo madhara yanavyoongezeka. Nyutro ikiwa imelegea, kila kifaa unachozima upande wenye mzigo mdogo kinapandisha zaidi volti za vile vilivyobaki upande huo. Konvata inadhaniwa iliungua katika dakika hizo hizo. Hatua sahihi ni kukata vyote kwa mara moja: breka kuu ndani ya trela kwanza, halafu breka ya ampea 50 kisandukuni, na plagi ichomolewe mwisho kabisa. Plagi isichomolewe mzigo ukiwa unapita, maana cheche inaunguza meno ya plagi na soketi pamoja. Kama plagi ni ya moto au inanuka plastiki iliyoungua, zima breka, iache ipoe, ndipo uiguse.

Upimaji, na mahali ulipopotoka

Fundi wa kambi alikuja baada ya saa moja. Aliwasha breka, akaingiza ncha za multimita kwenye soketi tupu, akasoma 120, 120 na 240, akasema kisanduku hakina tatizo na kosa liko ndani ya trela. Vipimo vyake vilikuwa sahihi, ila havikuthibitisha chochote. Multimita inavuta mkondo mdogo mno kiasi kwamba hata nyutro iliyoning'inia kwa uzi mmoja wa waya inaipa volti 120 safi. Nyutro iliyolegea huonekana ikiwa imebeba mzigo tu.

Kupima kwa mzigo kunataka mpangilio, maana hutaki kuchoma vilivyosalimika. Breka zote ndogo za trela zizimwe na vitu vyote vichomolewe kwenye soketi. Kisha upande mmoja uwekewe mzigo wa kupasha joto usio na elektroniki: hita ya maji ya wati 1,400, ikiwa tangi lake limejaa, inatosha. Upande wa pili uachwe mtupu, isipokuwa multimita yenyewe. Umeme unawashwa kwa sekunde kumi na tano, unasomwa, unazimwa.

Soketi ya ampea 20 iliyo kwenye kisanduku hichohicho ina faida kubwa hapa. Inapata nyutro yake kutoka mahali palepale ambapo soketi ya ampea 50 inaipata, kwa hiyo inaweza kupimwa huku trela ikiwa imebeba mzigo. Ikibaki kwenye 120, kosa liko kwenye soketi ya ampea 50, plagi, kebo au ndani ya trela. Ikipanda au kushuka pamoja na trela, kosa liko nyuma ya soketi zote mbili, yaani kwenye skrubu ya kuingizia nyutro au kwenye waya wa chini ya ardhi. Kwa mzigo kamili, soketi hiyo ilisoma 147. Hapo hoja ya kwamba trela ndiyo mbovu ikafa.

Kipimo kilichofuata ni cha ethi. Laivu kwa ethi ilisoma 120 pande zote mbili, na nyutro kwa ethi ikasoma 27, mahali ambapo kwa kawaida ungetarajia volti moja au mbili. Hesabu inakaa vizuri: 120 ukiongeza 27 ni 147, na 120 ukiondoa 27 ni 93. Namba hizo zinasema jambo moja zaidi. Nyutro na ethi zimefungwa pamoja kwenye paneli kuu ya kambi. Kama nyutro ingekuwa imekatika upande wa transfoma ya shirika la umeme, ethi ingehama pamoja nayo na viwanja vyote vingeathirika. Ethi ilitulia, na majirani wa mstari uleule walikuwa na 118 kwa 119. Kosa likabaki kati ya paneli na kisanduku hiki kimoja.

Mpangaji asifungue kisanduku. Breka ikiwa imezimwa, waya zinazoingia kutoka ardhini bado zina volti 240, na hakuna breka ya karibu ya kumwokoa mtu. Kazi ya mpangaji inaishia kwenye soketi, kwa multimita yenye ncha zilizofunikwa vizuri, akiwa amesimama pakavu.

Kuna jambo moja ambalo hatari yake inapita yote yaliyotajwa: kuunganisha nyutro na ethi ndani ya trela ili kurudisha umeme. Volti zitatulia, na inaonekana kama ufumbuzi. Kuanzia hapo mkondo wa kurudi unapita kwenye ethi na chasi, na ethi nayo ikipata hitilafu, mwili mzima wa trela unakuwa na umeme. Mtoto anayeshika mlango akiwa peku kwenye nyasi mbichi ndiye anayekamilisha saketi. Ndani ya gari-nyumba nyutro inatakiwa kutengwa na ethi siku zote, na hakuna dharura inayohalalisha kuziunganisha.

Kilichokutwa na kilichofanywa

Fundi umeme mwenye leseni alizima mstari mzima kutoka paneli kuu, akafungua kisanduku. Nyutro ilikuwa waya wa alumini chini ya skrubu. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimegeuka kahawia kwa urefu wa kidole, na uso wa waya ulikuwa na ukungu mweupe wa oksaidi. Alumini hutanuka na kusinyaa kwa joto kuliko chuma cha skrubu. Kila mchana wa mzigo mkubwa na kila usiku wa kupoa hulegeza kidogo, hewa inaingia, oksaidi inajenga, ukinzani unapanda, na joto linazidi. Nyutro ikibeba ampea 15 na kupoteza volti 27, wati 405 zinageuka joto kwenye skrubu moja. Hiyo ni karibu nusu ya pasi ya nguo.

Agosti haikuwa bahati mbaya. Kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, kifungu cha 551, inaruhusu waya zinazolisha viwanja 36 au zaidi kukokotolewa kwa asilimia 41 ya mzigo kamili, kwa dhana kwamba si wote watatumia kila kitu kwa pamoja. Kwenye wimbi la joto wote huwasha viyoyozi kwa pamoja. Volti zinashuka, viyoyozi vinakimbia muda mrefu bila kupumzika, na kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoachia.

Matengenezo yalikuwa ya kawaida ila yanataka ukamilifu: waya ulikatwa hadi penye alumini safi, ukasuguliwa kwa brashi ya waya, ukapakwa mafuta ya kuzuia oksaidi, na skrubu ikakazwa kwa spana ya kupimia mkazo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye lebo ya kisanduku. Kukaza kwa kukadiria mkono ndiko kunakoleta kisa kama hiki tena mwaka unaofuata. Soketi ya ampea 50 ilibadilishwa pia. Plagi ya trela nayo ilikuwa na jino la nyutro lililobadilika rangi. Ilikatwa pamoja na sentimita 15 za kebo na kuwekwa mpya, kwa sababu plagi iliyoungua ikiingizwa kwenye soketi mpya inaiharibu nayo.

Siku moja na nusu bila kiwanja chenye umeme

Wakati wa kusubiri fundi na soketi, ofisi iliiruhusu familia itumie kisanduku cha kiwanja jirani kilichokuwa kitupu, chenye soketi ya ampea 30. Hiyo inahitaji adapta fupi ya kutoka 50 kwenda 30, na inaunganisha pande zote mbili za trela kwenye laivu moja. Kwa kuwa laivu ni moja, volti haziwezi kupanda kwa kosa la nyutro lililo kwenye plagi, kebo au ndani ya trela. Soketi ya ampea 30 ya kisanduku kibovu chenyewe isingefaa, maana inategemea nyutro ileile.

Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, dhidi ya 12,000 za soketi ya ampea 50. Kwa matumizi ya saa nyingi mfululizo usipite ampea 24. Kiyoyozi kimoja kinachukua kama 13 kikiwa kinakimbia, maikrowevu kama hizohizo, hita ya maji kama 12. Kwa hiyo kiyoyozi kimoja ndicho kilichobaki, hita ya maji ikahamishiwa kwenye gesi, friji pia, na maikrowevu ikasubiri kiyoyozi kizimwe. Volti jioni zilikuwa 109. Chini ya hapo kidogo tu, kama 105, ni afadhali kuzima kiyoyozi na kuvumilia joto kuliko kununua kompresa.

Tatizo la pili lilijitokeza usiku wa manane: taa za ndani zikafifia na friji ikatoa mlio wa onyo ingawa gesi ilikuwepo. Konvata ilikuwa imekufa jioni ileile ya volti 147. Taa, pampu ya maji, feni na bodi ya friji vyote vilikuwa vinaila betri tangu hapo bila mtu kujua. Friji ya gesi bila volti 12 haiwaki, hata mtungi uwe umejaa.

Kipimo chake ni cha sekunde moja. Umeme wa nje ukiwa umeunganishwa, vyuma vya betri visome kati ya 13.2 na 14.4. Vikisoma 12.4 na kushuka taratibu, hakuna kinachochaji. Betri ya asidi ikifika 12.1 imebakiwa na kama nusu, na kuishusha zaidi ya hapo kunaifupishia maisha. Kabla ya kuihukumu konvata, angalia fyuzi zake na breka inayoilisha. Hapa fyuzi zilikuwa nzima na ndani kulikuwa na kipande kilichopasuka. Chaja ya kawaida ya ampea 10, iliyochomekwa kwenye soketi ya trela na kubanwa kwenye betri, ilishikilia kazi hadi konvata mpya ilipofika. Hatua hii ifanywe mara tu baada ya tukio lolote la volti kupanda, betri ikiwa bado imejaa.

Maji yalikatika pia

Fundi alipozima mstari kutoka paneli kuu, pampu ya kisima cha kambi ilizimika nayo. Familia haikuwa na hata lita moja kwenye tangi la trela, kwa kuwa ilikuwa imezoea mpira wa nje. Hili ni kosa la kawaida la wakazi wa muda mrefu. Theluthi ya tangi ikae imejaa siku zote na ibadilishwe kila wiki mbili hivi. Tangi lililokaa muda mrefu lisafishwe kwa klorini ya kufulia isiyo na manukato: robo kikombe, kama mililita 60, kwa kila galoni 15 za maji, ipelekwe hadi kwenye kila bomba, ikae saa 12, kisha isuuzwe hadi harufu iishe.

Presha inaporudi inaleta hewa, kutu na mchanga. Kabla ya kufungulia trela, chomoa mpira, mwaga maji chini hadi yawe meupe, ndipo uunganishe kupitia kidhibiti presha kilichowekwa kati ya 40 na 60 psi. Mchanga ukipita unakwama kwenye vali ya choo kwanza. Umeme wa hita ya maji ubaki umezimwa hadi bomba la moto litoe maji mfululizo bila kukohoa, kwani kipashio kikiwashwa penye hewa kinaungua ndani ya sekunde chache. Bomba la kambi likipoteza presha kabisa, uchafu unaweza kufyonzwa ndani. Hadi ofisi ithibitishe usalama, maji ya kunywa yachemshwe, na yakianza kutokota yaachwe dakika moja, au tatu kama mko juu ya mita 2,000.

Maji taka hayakuleta shida, kwa kuwa kambi hii inayateremsha kwa mteremko. Penye pampu ya kuyainua, funga koki zote mbili za trela mara umeme wa kambi unapozimwa.

Kumbukumbu za kulipwa

Vilivyoungua ni konvata, maikrowevu na soketi moja ya jikoni. Kiyoyozi kilipona kwa sababu swichi yake ya joto ilikata kwa wakati. Kilichoipa familia nguvu mbele ya ofisi na bima ni picha za skrini ya multimita zikionyesha 147, 93 na 27, kila moja ikiwa na saa yake, picha ya nyutro iliyoungua kabla haijakatwa, nakala ya ripoti ya fundi, na barua pepe iliyotumwa ofisini jioni ileile. Soketi na plagi za zamani zilihifadhiwa kwenye mfuko. Ombi la kupewa soketi iliyotolewa linatakiwa kufika kabla fundi hajaanza kazi, la sivyo inaishia jalalani.

Kazi ilipoisha, upimaji ulirudiwa saa kumi na moja jioni, kambi nzima ikiwa inavuta umeme, kiyoyozi kimoja na hita ya maji vikiwa upande mmoja. Laivu zilisoma 115 na 117, nyutro kwa ethi 1.2. Baada ya nusu saa plagi ilikuwa vuguvugu mkononi. Ndipo kiyoyozi cha pili kikawashwa.